Msiuze stovu za pampu kwa bei ya chuma chakavu

Mhariri,

Stovu za zamani za pampu, zile za tangi la shaba ya njano na miguu mitatu, zinaishia kwenye mizani ya wanunuzi wa vyuma chakavu hapa Mbeya wakati ubovu wake mara nyingi ni washa ya ngozi, yaani kile kiduara cha ngozi ndani ya pampu, iliyokauka tu. Inauma. Kwa anayelala nyanda za juu za Kitulo au anayepanda Mlima Rungwe, hakuna jiko la kuifikia. Mtungi wa gesi wa kilo 6, ukijumlisha na chuma chake, nani ataubeba mlimani?

Mpango wa stovu hii ni uleule tangu Frans Wilhelm Lindqvist wa Sweden alipoibuni mwaka 1892. Upepo wa pampu unapandisha mafuta ya taa hadi kwenye kichwa chenye moto, yanageuka mvuke na kutokea kwenye tundu dogo la nozo. Utambi hakuna, na ikiwaka vizuri sufuria haishiki masizi.

Pampu ikiwa nyepesi mkononi, ngozi imekauka. Ichomoe, itie matone mawili ya mafuta, ipanue kingo kwa vidole. Ikichanika, fundi viatu atakukatia nyingine. Lakini mpini ukirudi juu wenyewe, usihangaike na ngozi: ni vali ya chini, raba yake imekakamaa.

Wengi hukosea kwenye kuwasha. Tangi lijae robo tatu tu. Legeza skrubu ya upepo, jaza spiriti kwenye kikombe kidogo kilicho chini ya kichwa, washa. Spiriti ikikaribia kuisha, kaza skrubu na pampu taratibu. Ukiona ndimi ndefu za njano, kichwa hakijapata joto la kutosha; fungua skrubu, acha kipoe, anza upya. Kitulo mwezi wa Juni na Julai, umande unapoganda kwenye majani, kikombe kimoja hakitoshi. Ongeza cha pili, ila moto uwe umezima kabisa.

Moto ukififia, zibua nozo kwa sindano yake. Sindano ya kushonea ni nene, hupanua tundu, na baada ya hapo moto utakuwa wa njano siku zote mpaka ubadili nozo. Mafuta ya madumu ya mtaani huwa na maji: yaache yatulie usiku kucha, chuja ya juu kwa kitambaa, ya chini yaache.

Petroli isiingie humo, italipuka. Wala usipikie ndani ya hema lililofungwa. Hewa yake inaua. Na maharage yapande mlimani yakiwa yameshaiva, maana kule kileleni Rungwe maji huchemka kwenye nyuzi 90 hivi, utamaliza mafuta bure.

Wenye maduka ya vifaa Mwanjelwa, tunaomba mtuletee tena washa za ngozi, nozo na sindano zake.

Mpanda milima,
Uyole, Mbeya