Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Kazi za Mwaka 2025 na Suala la Darasa la Kumi

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama, vijana: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na habari za mchana kwa wote.

Shughuli za kawaida sitazichambua, mlikuwepo au mliona picha. Tulizika ndugu zetu wawili, mmoja hapa Ohio na mwingine tukamsafirisha nyumbani. Tulipokea familia mpya kutoka kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Kakuma. Idd ilifana, Krismasi ilifana, mpira tulifungwa. Katibu ana kumbukumbu zote.

Nakuja kwenye jambo ambalo najua ndilo lililowatoa wengi wenu nyumbani leo: kwa nini mwezi wa sita hapakuwa na sherehe ya mahafali, na fedha zake zilikwenda wapi.

Mwezi wa nne niliitisha mkutano wa bajeti. Akidi haikutimia. Nikaitisha wa pili, nikapiga simu mimi mwenyewe kwa kila familia, waliofika wakapungua badala ya kuongezeka. Katiba yetu inasema mkutano uliorudiwa ukishindikana, Kamati Tendaji inaamua. Tukaamua. Wajumbe sita waliunga mkono, mmoja alipinga, na jina lake silitaji hapa ingawa mwenyewe ameshalitangaza kwenye kundi la WhatsApp. Uamuzi ulikuwa kwamba fedha za ukumbi, DJ na biriani ziende kwenye mafunzo ya Jumamosi kwa watoto wa darasa la kumi, wale wanaoitwa masofomo shuleni. Nasema hivi ili isemwe tena kuwa ni uamuzi wa kamati, si wa mtu mmoja, ingawa wazo lilikuwa langu na silikani.

Limesemwa neno kwamba nimefanya hivyo kwa sababu binti yangu yuko darasa la kumi. Ni kweli yuko. Wako pia watoto wengine kumi na saba wa chama hiki, na wangu amekuja na daftari lake, na projekta wanayoitumia wote ni ya kwangu.

Swali la msingi liliulizwa na mzee mmoja ninayemheshimu: mtoto wa miaka kumi na tano anajua nini kuhusu chuo, si tungesubiri afike darasa la kumi na mbili? Mzee wangu, tumesubiri miaka yote, na kila mwaka nimekaa mezani na watoto wa darasa la kumi na mbili wenye akili nzuri, nikakuta milango imeshafungwa na hakuna aliyesikia ikifungwa.

Chukua hesabu. Ili mtoto ahitimu sekondari Ohio anatakiwa kuwa na krediti 20, yaani pointi anazopewa kwa masomo aliyofaulu, na ndani yake nne za hesabu, ikiwemo Aljebra ya pili au somo linalolingana nayo. Aliyeanza na Aljebra ya kwanza darasa la tisa anafanya Jiometri la kumi, Aljebra ya pili la kumi na moja, na anamaliza bila kufika kalkulasi. Anayetaka uhandisi katika vyuo vinavyogombaniwa atashindana na wenzake walioifikia. Njia nyepesi ya kumrekebisha ni kuchukua Jiometri na Aljebra ya pili kwa pamoja akiwa darasa la kumi, au kusukuma moja kwenye likizo ya kiangazi. Ukilijua hilo miaka miwili baadaye umelijua kwa ajili ya mdogo wake.

Na watoto wetu wanaofika kutoka kambini hupangwa darasa kwa umri. Anawekwa la kumi, krediti alizonazo za kuhesabu kwa vidole, na mzazi anafurahi kuona la kumi. Tulikaa na mshauri wa shule moja kwa ajili ya kijana mmoja, tukadai masomo aliyosoma Tanzania yatathminiwe, na baadhi yakahesabiwa. Chama cha washauri wa shule nchini kinapendekeza wanafunzi 250 kwa mshauri mmoja. Wastani wa nchi umezidi 350. Anayedhani mshauri atamwita mwanawe ofisini amkumbushe, aendelee kungoja.

Liko pia lile la College Credit Plus, ambalo wenzetu wa kutoka majimbo mengine wanatuonea wivu. Tangu 2015 mtoto wa Ohio, kuanzia darasa la saba, anaweza kusoma kozi za chuo cha umma bila kulipa ada wala vitabu, na krediti zikahesabika sekondari na chuoni. Kipato cha mzazi hakiulizwi. Lakini fomu ya kusudio inapelekwa miezi mingi kabla ya muhula, na chuo lazima kimkubali kwanza. Tukawaambia na ubaya wake: alama ya F unayopata huko inabaki kwenye rekodi ya chuo hata ukihama jimbo, na wilaya ya shule inaweza kumdai mzazi gharama za kozi aliyoshindwa mtoto. Wazazi wawili walikasirika nilipowashauri wasikimbilie. Nasimama pale pale.

Sasa fedha, maana ndiko kelele zilikotoka. Fomu ya FAFSA, ile ya kuombea msaada wa serikali wa kulipia chuo, haiangalii kipato cha mwaka unaoijaza. Inaangalia kodi ya miaka miwili nyuma. Mtoto aliye darasa la kumi leo ataanza chuo mwaka 2028. Fomu yake itafunguliwa Oktoba 2027, nayo itasoma kodi ya mwaka 2026, yaani mwaka huu tulioanza juzi. Ndugu yangu anayepanga kuuza kiwanja cha Kigamboni kabla ya Desemba, faida yake unatakiwa kuionyesha kwenye kodi ya hapa, na itatokea kwenye fomu ya mwanao. Sikatazi mtu kuuza mali yake. Nasema ajue. Mzazi asiye na namba ya Social Security naye, tangu fomu mpya ilipoanza, anaweza kufungua akaunti na kutia sahihi upande wake. Wapo walioacha kumjazia mtoto kwa kudhani hawaruhusiwi, wakaiacha Pell Grant, ruzuku ya serikali ya masomo ya chuo, ambayo kwa miaka ya karibuni imefika dola 7,395 kwa mwaka na hairudishwi.

Niliyaeleza haya mwezi wa tisa. Wazazi waliokuwemo chumbani, pamoja na mimi na mweka hazina, hawakufika kumi.

Jambo hili linaniuma, nami nitalisema. Msiba ukitokea, ndani ya siku mbili tunachanga maelfu, na ni heshima yetu, Mungu aizidishe. Mtoto aliye hai akitaka dola mia ya mtihani wa AP, ule wa masomo ya ngazi ya chuo yanayosomwa sekondari, kundi zima lina tiki za bluu na hakuna anayeandika neno. Mahafali ya mwaka juzi tulihesabu watu zaidi ya mia mbili. Mkutano wa bajeti, mmeshasikia. Wapo waliouliza kwenye kundi mafunzo yanafanyika wapi, miezi mitatu baada ya kuanza, na hao hao ndio waliosema hayana faida.

Tulichofanya Jumamosi ni hesabu, uandishi wa Kiingereza, na kupitia rekodi ya kila mtoto somo kwa somo. Kuhusu SAT, mtihani wa kuombea chuo, ambayo tangu 2024 inafanywa kwenye kompyuta na huchukua saa mbili na dakika chache, hatukuwasukuma. PSAT, mtihani unaoitangulia SAT, ukiwa darasa la kumi ni ya mazoezi. Inayohesabika kwa National Merit, tuzo ya ufadhili wa masomo, ni ile ya Oktoba wakiwa darasa la kumi na moja. Mazoezi ya tovuti ya Khan Academy ni ya bure, kwa hiyo mtu asije kuniambia nimeshindwa kuwalipia kituo cha maandalizi. Tuliwaelekeza pia waanze kuandika wanachofanya nje ya masomo, kwa sababu fomu ya Common App, inayotumika kuombea vyuo vingi kwa pamoja, ina nafasi kumi za shughuli, na kulea wadogo zako mama akiwa zamu ya usiku ni shughuli halali ya kuandika. Watoto wetu wengi hawakulijua hilo, na nilifurahi kuliona likiwaingia.

Hesabu za mwaka: familia zilizo kwenye daftari 84, zilizolipa ada ya dola 120 ni 29, jumla dola 3,480. Michango ya hiari 610, salio la mwaka jana 1,275, mapato yote 5,365. Walimu 2,200, mitihani 480, vitafunwa 390, uchapaji na posta 315, jumla 3,385. Salio 1,980. Petroli ya gari langu haimo.

Mbele yetu, tunatarajia kuendelea na darasa la kumi, kuwafuata hawa wa sasa wakipanda la kumi na moja, na Mungu akijalia kupeleka watoto kutembelea chuo kimoja au viwili. Sherehe ya mahafali haijafutwa. Ikipatikana fedha itarudi, labda kwa ukubwa mdogo, kila mmoja aje na sufuria lake.

Naomba mjadala uanze na kifungu cha hesabu. Anayetaka kuzungumzia biriani amwonyeshe kwanza mweka hazina risiti ya ada ya 2025.

Mwenyekiti