Namba tasa zisiishie Darasa la Saba

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie watoto wanaoingia Kidato cha Kwanza kila Januari katika shule zetu za serikali hapa Tanzania. Wanafika wakijua kwamba 7, 11 na 13 ni namba tasa, kwamba sehemu ina kiasi na asili, na kwamba mmea hujitengenezea chakula kwa usanisinuru. Wamefundishwa hayo kwa Kiswahili miaka saba, wakafanyia mtihani, wakafaulu. Juma la kwanza tu sekondari, mwalimu anaingia na "prime numbers", "numerator" na "photosynthesis", na hakuna anayemwambia mtoto kuwa hivyo ni vitu vile vile alivyokwisha kuvijua. Anaanza upya, kama mtu asiyewahi kukaa darasani.

Mjadala wa lugha ya kufundishia ni wa siku nyingi. Mwaka 1982 Tume ya Makweta, tume ya rais kuhusu elimu, ilipendekeza Kiswahili kipande hadi sekondari, pendekezo likawekwa kando. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ikasema kitatumika katika ngazi zote, na bado madarasa ya sekondari ni ya Kiingereza. Mimi ni wa upande unaoamini Kiswahili kinaweza. Kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ilitoka mwaka 1990, kwa hiyo anayesema istilahi hakuna hajazitafuta. Lakini mtoto wa Januari hawezi kungoja wakubwa wamalize kubishana. Ninachokiomba kinawezekana ndani ya utaratibu uliopo leo: maneno aliyokuja nayo kutoka msingi yasiachwe getini.

Tuyatazame maneno yenyewe. Pembe butu: kila mtoto ameshika kisu butu jikoni, anajua hakikati. Mvukizo ndani yake mna mvuke wa sufuria. Mla nyama na mla majani hawahitaji maelezo. Namba tasa haina vigawo ila moja na yenyewe, na neno tasa mtoto amelisikia nyumbani likisemwa juu ya mbuzi asiyezaa. Shufwa na witiri, aliyesoma madrasa amezikuta katika sala za usiku, kwa hiyo jozi na isiyo jozi anazijua hata kabla ya hesabu. Sasa mpe "obtuse", "carnivore" na "odd" bila kumrudisha kwenye maneno hayo, uone atashika nini. Mwalimu anayeandika usanisinuru ubaoni, akaligawa neno pale pale kuwa usanisi na nuru, kisha akaandika "photosynthesis" chini yake na kuligawa vivyo hivyo, ametumia dakika 5. Mtoto ameona kwamba neno geni limejengwa kwa matofali yale yale.

Kuna mahali ambapo Kiswahili cha kila siku chenyewe kinapotosha, na hapo mwalimu asipite haraka. Dukani tunauliza uzito wa unga, tunajibiwa kilo 10. Fizikia inasema kilo 10 hizo ni "mass", yaani kiasi cha maada, na kwamba "weight" ya unga huo, yaani nguvu ambayo dunia inauvuta, ni karibu nyutoni 100. Neno letu moja limebeba vitu viwili. Nguvu nayo hubeba "force" na "power" kwa pamoja. Mwanafunzi anayekosea hapa hakukosa akili; ametafsiri sawasawa kwa lugha ya sokoni. Asipoambiwa wazi kwamba mgawanyiko huu haupo katika mazungumzo ya kawaida, ataubeba mkanganyiko huo mpaka Kidato cha Nne.

Saa ni mtego mwingine. Basi limetoka Dodoma saa 4 asubuhi, likafika Morogoro saa 8 mchana: toa 4 kwenye 8, safari ni saa 4. Swali hilo hilo kwa Kiingereza ni kutoka saa 10 hadi saa 2, na 10 haitoki kwenye 2. Hesabu imebadilika, maana sasa lazima avuke 12 katikati. Mwalimu anadhani mtoto hajui kutoa.

Halafu kuna maneno ya Kiingereza ambayo mtoto anayajua kidogo, na hayo ndiyo mabaya kuliko asiyoyajua kabisa. "Volume" kwake ni sauti ya redio, "product" ni bidhaa, "mean" ni maana, "table" ni meza. Akikutana nayo kwenye swali hasimami kuuliza. Katika mtihani hali inakuwa ngumu zaidi kwa yale maneno ya kuamrisha. Akiambiwa "state" anajaza ukurasa mzima palipotakiwa mstari mmoja. Akiambiwa "distinguish" anaeleza kitu kimoja, cha pili anakiacha. "Account for" humpeleka kwenye akaunti. Alama zinapotea na somo lenyewe analijua. Maneno ya namna hii yanayorudiwa hayazidi 15, na yangeweza kufundishwa yote muhula wa kwanza kwa kutumia karatasi za mitihani iliyopita.

Walimu wengi hujaribu kusaidia kwa kusema sentensi kwa Kiingereza na kuifasiri papo hapo. Nia ni njema, lakini matokeo ni kwamba baada ya siku chache darasa linaacha kusikiliza Kiingereza, maana linajua Kiswahili kinakuja. Kisha nukuu zinaandikwa ubaoni kwa Kiingereza, zinanakiliwa, zinakaririwa. Ukiuliza "Tuko pamoja?" utaitikiwa ndiyo na darasa zima. Uitikio huo haupimi kitu.

Inayofaa zaidi ni kuzitenganisha lugha kwa kazi na kwa muda. Katika kipindi cha dakika 40, dakika 10 za kwanza wanafunzi wakae wanne wanne, wajadili kwa Kiswahili wanachokijua tayari kuhusu mada. Dakika 20 mwalimu afundishe kwa Kiingereza chepesi, akionyesha kitu chenyewe, mchoro au jedwali. Dakika 10 za mwisho kila mmoja aandike sentensi mbili au tatu za Kiingereza kwa kujazia kiunzi alichopewa, kwa mfano: "The water level rises because…". Bila kiunzi, mtoto ataandika jina lake na tarehe, kisha atangoja kengele.

Kwenye daftari kurasa za nyuma zichorwe safu tatu: neno la Kiswahili, la Kiingereza, na mchoro au mfano wake mwenyewe. Ukutani iwepo karatasi ya manila yenye maneno ya juma hilo. Yasizidi 6 kwa somo. Masomo matano ya Hisabati, Fizikia, Kemia, Biolojia na Jiografia yakitoa maneno 6 kila moja, tayari ni 30 kwa juma, na zaidi ya hapo hayashikiki. Hapa ndipo mpango huu huvunjika mara nyingi: kila mwalimu hupanga peke yake, na mmoja huleta orodha ya maneno 40. Kosa la pili ni kuokota istilahi kwenye kamusi ambazo mtoto hakuwahi kufundishwa. Kasimwelekeo ni neno zuri, lakini kwa asiyelijua ni gumu sawa na "velocity". Orodha itokane na vitabu alivyosoma msingi.

Majaribio ya shule katika muhula wa kwanza yaandikwe kwa lugha zote mbili, na mwanafunzi aruhusiwe kujibu kwa yoyote. Mwalimu ataona mara moja nani hajui hesabu na nani hajui swali linasema nini. Hao ni wagonjwa wa maradhi mawili tofauti, na leo tunawapa dawa moja.

Naandika kwa uchungu kuhusu vibao vya shingoni na viboko kwa aliyesikika akiongea Kiswahili uwanjani. Mtoto anayeadhibiwa kwa lugha anayoongea na mama yake hujifunza jambo moja haraka, nalo ni kunyamaza. Darasani haulizi, kwa sababu swali lake likitoka litatoka kwa Kiswahili. Na nyumbani daftari limegeuka. Mzazi, awe mama lishe au fundi seremala, aliyekuwa akisoma daftari la Darasa la Tano na kuuliza "hii umekosaje?", sasa analifungua na kulifunga. Tunapoteza msaidizi asiyelipwa kila jioni.

Nisiwasahau watoto wa vijijini Usukumani au Umasaini ambao hata Kiswahili walikikuta Darasa la Kwanza. Kwao hili ni daraja la pili, na walimu wanaojua lugha ya mahali wangeruhusiwa kuitumia katika yale majadiliano ya dakika 10 bila kuonekana wamevunja sheria.

Muda umebana. Mtaala ulioanza kutekelezwa mwaka 2024 unafupisha elimu ya msingi kutoka miaka 7 hadi 6. Waliokuwa Darasa la Tatu mwaka huo watamaliza mwaka 2027 sambamba na waliokuwa Darasa la Nne, na makundi yote mawili yatabisha hodi Kidato cha Kwanza Januari 2028. Madarasa yatajaa, na nusu yao watakuwa na mwaka mmoja pungufu wa kusoma. Naiomba Taasisi ya Elimu Tanzania iweke kurasa nne au tano za maneno kwa lugha mbili mwishoni mwa kila kitabu cha Kidato cha Kwanza, ikianza na Hisabati, na majaribio ya muhula wa kwanza katika lugha zote mbili yaruhusiwe kwa waraka ili mwalimu mkuu asiogope mkaguzi. Rasimu ya orodha inataka walimu wawili, mmoja wa msingi na mmoja wa sekondari, wakae meza moja na vitabu vyao viwili vikiwa wazi.

Mwalimu wa Hisabati na Fizikia,
Morogoro