Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kazi za Mikono kwa Vilivyomo Nyumbani

Ndugu wanachama,

Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo zangu hamjambo. Nasimama kuwasomea taarifa ya mwaka kama nilivyoyaona mambo mwenyewe, hapa barazani kwetu Ngamiani, Tanga, na majumbani mwenu nilikopita. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina baada yangu. Mimi nitasema habari za kazi.

Mwaka jana, katika mkutano kama huu, tuliazimia kwamba mwanachama asianze kazi kwa kukimbilia dukani. Kwanza atazame ndani, kisha uani, kisha kwa jirani. Ruhusa ya kununua ikabaki kwenye uzi, sindano, rangi na gundi, basi. Mnakumbuka sababu yake. Kabla ya hapo wenzetu walikuwa wakinunua shanga za kioo, utepe wa kung'aa na vitambaa vipya, wanatoa kazi nzuri kweli, lakini wakiuza wanajikuta wamerudisha mtaji tu, na jasho limekwenda bure. Azimio lile tumelishika mwaka mzima. Nimefurahi sana kwa hilo, na nitaeleza lilivyokwenda, pamoja na pale tulipoteleza.

Naanza na tulipoteleza, kwa sababu mwenye kosa ni mimi.

Kazi yetu kubwa bado ni kusuka ukindu, yaani majani ya mkindu. Tangu Juni 1, 2019, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini, kapu limerudi mikononi mwa watu. Hata vijana siku hizi unawaona sokoni Mgandini na kapu begani, wala hawaoni haya. Ndipo tukapata oda ya makapu ya rangi mbili, nyekundu na samawati, kwa ajili ya harusi. Ukindu ulikuwa mzuri, umeanikwa ukakauka, mweupe. Siku ya kutia rangi mvua ikatishia, nami ndiye niliyesimamia sufuria. Nikaharakisha. Rangi tukaikoroga moja kwa moja ndani ya maji, chumvi hatukutia, ukindu ukachemka kidogo tu tukauopoa, tukausuuza mara moja na kuutandaza. Kwa macho ulipendeza. Makapu yakasukwa, yakashonwa, yakachukuliwa.

Siku mbili baadaye mama wa harusi akarudi. Mkononi ana kitambaa cheupe cha meza, kina duara jekundu ukubwa wa sahani. Kapu lilikuwa limewekwa juu ya kitambaa hicho na barafu ya vinywaji ikalilowesha kwa chini. Hakugomba. Alikikunjua kile kitambaa mbele yetu akatuonyesha, na mimi nikatamani baraza inimeze. Fedha yake tulimrudishia yote. Makapu aliyotuachia tuliyarowesha tena, na maji yakatoka mekundu kama ya rozela.

Kwa hiyo tulikaa chini na bibi yetu, mwanachama mkongwe kuliko sote, akatufundisha upya kama tunaanza leo. Nayaandika aliyotwambia ili yabaki kwenye kumbukumbu za chama. Ukindu uloweke kwanza kwenye maji matupu mpaka ulainike, maana ukindu mkavu hunywa rangi kwa mabaka. Rangi ya unga ikoroge pembeni kwa maji ya moto, uichuje kwa kitambaa, kwa sababu kila kidonge kisichoyeyuka kitakuwa doa. Tia chumvi ukufi mmoja wa mkono. Ukindu uzame wote, ugeuzwe kwa kijiti, uchemke nusu saa nzima au zaidi, kisha moto uzimwe na sufuria ilale na ukindu wake hadi asubuhi. Hapo ndipo kazi hasa inapoanza: kusuuza. Maji ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, hadi uone maji yanatoka kama yalivyoingia. Anika kivulini, si juani. Nyekundu ndiyo korofi kuliko rangi zote, inataka maji mengi zaidi.

Tukaongeza na kanuni yetu wenyewe: hakuna fungu linaloanza kusukwa kabla halijasuguliwa kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kitambaa kikiguswa na rangi, fungu linarudi kwenye ndoo. Kitambaa hicho kinaning'inia pale msumarini, mnakiona. Tangu tuanze hatujarudishiwa kapu hata moja kwa sababu ya kuchuja rangi.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa kuwa ndilo nililotaka kusema kuhusu mwaka mzima. Malighafi yetu ni ya bei nafuu, nyingine ni ya bure kabisa, na hapo ndipo mtu hujidanganya. Husema, ah, ni ukindu tu, ni kitambaa chakavu tu, nani ataangalia? Mnunuzi anaangalia. Wa kwanza kuangalia awe wewe mwenyewe.

Upande wa ususi wenyewe tumepiga hatua. Wanachama wapya walianza na kipepeo cha kupepea moto jikoni, kwa sababu kinakwisha haraka na kinamtia mtu moyo, kisha wakaenda kwenye ukili, ule mkanda uliosukwa unaoshonwa kuwa kapu. Nimekaa na mmoja wao nikimtazama vidole. Mwanzo chane zake, yaani vipande vya ukindu uliopasuliwa, zilikuwa moja nene, moja nyembamba, ukili ukawa unapinda kama nyoka. Tulipomfundisha kuzipasua kwa ukucha na kuzilinganisha kabla hajaanza, ukili ukanyooka wenyewe. Kingine alichokuwa akikosea ni kuunga chane mpya pale ile ya zamani inapokwisha kabisa. Unga mapema, chane mpya iingie chini ya ile ya zamani zikiwa bado zinakwenda pamoja, hapo kiungo hakionekani wala hakifumuki. Wengi bado tuna shida kwenye kushona: tunavuta shazia, ile sindano kubwa ya kushonea ukili, kwa nguvu mno na kapu linakunja uso. Tutalirudia.

Uzi wa kushonea tumeutafuta hapahapa. Sisi watu wa Tanga tumezungukwa na mkonge ulioletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf kutoka Florida, miche 62 tu ndiyo iliyofika hai, na leo huwezi kutoka mjini bila kuuona. Lakini nani kati yetu alikuwa akisokota mwenyewe singa, yaani nyuzinyuzi za mkonge? Wenzetu wa Ukambani kule Kenya wanasokota pajani na kusuka vyondo, vikapu vyao, kwa uzi huo miaka nenda rudi. Mwaka huu wanachama wachache wamejifunza. Singa zinachanwa, zinaloweshwa kidogo, zinaviringishwa pajani kwa kiganja, nyuzi mbili zinageuziana na kuwa moja. Paja linawasha siku za mwanzo, nisiwafiche. Uzi wenyewe ni imara, na unapokea rangi vizuri.

Sasa niseme habari za kanga, kazi iliyonigusa moyo kuliko zote.

Kila nyumba ya hapa ina kanga chakavu. Katikati, penye mji, imekwisha kwa kufuliwa na kubebea watoto, lakini pindo bado lina nguvu zake. Kwa kawaida inaishia kuwa tambara la kupigia deki. Tukaamua kila mmoja alete moja, tukae nazo tuone. Mmoja wetu akaikunjua yake, akasema, hii nilimbebea mwanangu wa kwanza, na mwanangu huyo sasa anaoa. Hakutaka ikatwe. Tukaitafutia njia: tulikata pindo na jina, yale maneno yaliyoandikwa kwenye kanga, tukaviacha vizima, tukavipigia bandi, yaani mshono wa muda, juu ya kitambaa kigumu cha gunia la unga, tukavishona kuwa foronya ya mto, jina likiwa limekaa katikati kama lilivyokaa kwenye kanga. Ndani tukajaza sufi. Msufi uko, sufi inaanguka yenyewe, kazi ni kuichambua mbegu tu, na ukichambua ufunge pua kwa kitambaa. Mto ule haukuuzwa, na hatukutaka uuzwe. Lakini jirani aliyeuona aliagiza wa kwake kwa kanga ya marehemu mama yake, na kutoka hapo oda zikafuatana. Mteja analeta kanga yake mwenyewe, sisi tunatia mkono tu. Sijapata kuona kazi inayogharimu kidogo hivi ikamliza mtu kwa furaha.

Mafundi cherehani wa mtaani nao tunawashukuru kwa mabaki ya vitenge. Vipande vikubwa tulifanya vishikio vya sufuria, safu tatu za kitambaa na katikati taulo kuukuu, maana kishikio chembamba kinaunguza mkono. Vyembamba tulisuka kama nywele, mikia mitatu mitatu, tukaviringisha na kushona kwa chini kuwa vibusati vya mlangoni. Vidogo kabisa vikaingia ndani ya wanasesere. Hakuna kilichotupwa.

Kwenye vifuu hatukufanya mengi. Upawa wa kifuu kila mtu anaujua. Kilichokuwa kipya ni vifungo vya nguo: kifuu kinakatwa vipande kwa msumeno mdogo, kinasuguliwa kwa msasa mkali halafu laini, kinatobolewa na kupakwa mafuta ya nazi mpaka king'ae kama pembe. Ni kazi ya vumbi na ya polepole. Vijana wetu wawili ndio wanaoiweza.

Likizo tulikaa na watoto, tukawafundisha shanga za karatasi kama zinavyotengenezwa Uganda. Kalenda za zamani, ambazo karatasi yake ni ngumu na ina rangi, zinakatwa pembe tatu ndefu, upana wa vidole viwili kwenye kitako na ncha kali upande wa pili. Unaanza kuviringisha kwenye njiti kuanzia kitako, unapaka gundi ukifika katikati, unamaliza na ncha ikiwa juu. Gundi tulipika wenyewe: unga wa ngano na maji, uji mzito, basi. Baada ya kukauka tulipaka vanishi. Tatizo moja tulilolipata ni mende, wanaupenda sana uji ule. Bibi akashauri tutie majani ya mwarobaini kwenye maji ya kupikia. Tumejaribu, na hadi sasa kopo lile halijaguswa.

Kijana mmoja aliyekuja na watoto aliniambia anapenda kuchora lakini hana turubai wala rangi za wachoraji. Nilimwambia habari za Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa vipande vya ubao wa kujengea dari na rangi ya kupakia baiskeli. Alifariki mwaka 1972, na picha za aina yake zinachorwa hadi leo. Wiki iliyofuata kijana akaja na mfuniko wa ndoo ya rangi, kauchora pweza. Umetundikwa pale juu ya mlango.

Sabuni za maji na za mche tumezisimamisha. Najua wengine hamkupenda. Kostiki, ile dawa kali ya kutengenezea sabuni, inachoma ngozi na jicho, na sisi tunafanyia kazi ukumbini ambako watoto wanapita. Mpaka tupate glavu, miwani na mahali pa kufungia, msimamo wangu ni huohuo.

Kuhusu bei, naomba mnisikilize vizuri. Wengi wenu mnapanga bei kwa kutazama mlichonunua. Rangi na uzi, unaongeza kidogo, unauza. Tuseme kapu unaliuza shilingi 10,000 na limekuchukua siku nne. Hiyo ni 2,500 kwa siku, kabla hujatoa rangi, na kabla hujahesabu nauli ya kufuata ukindu. Huyo kibarua gani angekubali? Nilipowaomba mwandike saa zenu kwenye daftari, wengine mlicheka, lakini walioandika ndio waliothubutu kupandisha bei, na makapu yao yametoka. Mnunuzi akisema ghali, mwonyeshe kitako cha kapu, mshono wa ndani, na kile kitambaa cheupe. Asipotaka, mpe kheri aende. Tusiuziane kwa kushushana sisi kwa sisi, ndugu zangu. Mwezi uliopita wanachama wawili walimfuata mgeni mmoja kwa siri, kila mmoja akishusha zaidi ya mwenzake, na mwisho mgeni akapata makapu mawili kwa bei ya moja. Sitawataja. Wanajijua, na wameshaniomba radhi.

Mwaka huu tumempoteza mwenzetu mmoja, Mwenyezi Mungu amrehemu. Aliacha mkeka wa kulalia nusu yake, ukili umeviringishwa pembeni na shazia imechomekwa pale alipofikia. Watoto wake walituletea. Wanachama sita walikaa nao zamu kwa zamu, na ukitazama utaona mahali mkono wake ulipoishia, kwa sababu mshono wake ulikuwa mdogo kuliko wa yeyote kati yetu. Tulijaribu kuulinganisha, hatukuuweza. Mkeka umerudi nyumbani kwake, wajukuu wanaulalia.

Kwa mwaka ujao naomba mambo mawili yapigiwe kura leo. La kwanza, tununue sufuria kubwa ya chama ya kutilia rangi, kwa kuwa ile tunayoazima imetoboka na mwenyewe anaitaka kwa pilau. La pili, mafunzo ya kusokota mkonge yawe ya wote, kila Jumamosi baada ya alasiri, pale kwenye mwembe ambapo kuna kivuli.

Jumamosi ya kwanza kila mmoja aje na kanga moja chakavu, shazia yake, na kitambaa cheupe cha kusugulia. Singa zitakuwepo.

Mwenyekiti