Viwanja vya wazi vipandwe miti kabla havijaota nyumba

Mhariri,

Huku Nyanda za Juu Kusini tumejaliwa hifadhi. Kitulo, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, inalinda maua. Ruaha ina tembo na simba wake, na msitu wa Mlima Rungwe ni makazi ya kipunji, tumbili asiyepatikana nje ya Tanzania. Tunazisifu na zinastahili. Lakini mtoto wa Mwanjelwa, hapa Mbeya mjini, hawezi kwenda Kitulo kila jioni akitoka shule. Anahitaji bustani anayoifikia kwa miguu, na hiyo ndiyo adimu katika miji yetu.

Kiwanja cha wazi kisicho na mti wala benchi hakikawii kupotea. Huanza kumwagiwa taka, kinafuata kifusi, linajengwa banda, halafu siku moja unakuta msingi wa nyumba. Kwa hiyo kamati ya mtaa ianzie kwa maofisa ardhi wa halmashauri: ione ramani ya mipangomiji, ithibitishe matumizi ya kiwanja, kisha ikatafute bikoni zote, yaani alama za mipaka ya kiwanja, na kuzisafisha zionekane. Muhtasari wa mkutano uandikwe na utunzwe. Kando ya mito nako tusikusahau. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inazuia ndani ya mita 60 shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira. Ukanda huo ukipandwa nyasi na miti ya asili ni mapumziko tosha.

Kwenye upandaji ndipo tunapoharibu zaidi. Siku ya taifa ya kupanda miti ni Aprili 1, na wengi husubiri siku hiyo. Kwetu Mbeya mvua zinakaribia kuisha wakati huo: mche unapata wiki chache za maji, kisha baridi ya Juni na Julai, kisha kiangazi hadi Novemba. Hata mche mzuri haupiti hapo bila kumwagiliwa. Mashimo yachimbwe Oktoba, sentimita 60 upana na 60 kina, udongo wa juu uwekwe kando peke yake. Uchanganywe na debe moja la samadi iliyooza, maana mbichi inaunguza mizizi. Mvua ikishalowesha ardhi vizuri, mwishoni mwa Novemba au Desemba, ndipo mpande.

Na kiriba, ule mfuko wa plastiki unaooteshewa mche, kitolewe! Ng'oa mche uliokauka kwenye viwanja vyetu, mara nyingi utakuta plastiki bado imeubana na mizizi imejizungusha ndani kama kamba. Chana kiriba kwa wembe upande mmoja, donge la udongo lisivunjike.

Mjakaranda uachiwe mita 8 hadi 10 ili kivuli kienee. Mkaratusi tusiupande bustanini: unakunywa maji mengi, nyasi chini yake hazistawi, na matawi yake makubwa huweza kudondoka bila upepo. Kiangazi cha kwanza, kila mche upate lita 10 mara mbili kwa wiki, na matandazo ya nyasi kavu yasiyogusa shina. Maeneo ya Uyole, ambako umande huganda, miche michanga ifunikwe kwa majani usiku.

Mbuzi wazuiwe kwa kuzungushia kila mche mianzi. Ua mrefu kuzunguka bustani nzima sikubaliani nao hata kidogo, kwa sababu unawaficha vibaka na akina mama wanaacha kupita. Ua uishie kiunoni, mtu wa barabarani aone benchi zote.

Tunaiomba halmashauri iweke kwenye bajeti vitu vitatu kwa kila bustani: bomba la maji, choo, na mshahara wa mtunza bustani mmoja. Miche na nguvu kazi mitaa inaweza kuchangia, mradi ramani zionyeshwe wazi kabla ya Oktoba.

Mtunza bustani,
Uyole, Mbeya