Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi, Mahafali ya Kidato cha Nne

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa Bodi ya Shule,
Mheshimiwa Diwani na Mtendaji wa Kata,
Afisa Elimu Kata,
Mkuu wa Shule na walimu wetu,
Wazazi na walezi,
Wahitimu na wanafunzi wenzetu,
itifaki imezingatiwa.

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kukufikisha salama. Kona za milima hii ya Usambara tunazijua, na tunajua pia kwamba saa nane una kikao kingine. Tutapita haraka kwenye mengine yote ili tupate nafasi ya kusimama mahali pamoja.

Shule yetu ilijengwa kwa nguvu za wananchi wakati wa MMES, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, sekondari za kata zilipokuwa zikichipuka kila upande. Tulianza na madarasa mawili na mti mmoja wa mparachichi, ambao ulihesabika kama darasa la tatu. Klabu ya Sayansi ilizaliwa baadaye. Kwa kipindi kifupi tumepata mafanikio makubwa: tuna kituo cha hali ya hewa (chupa ya maji iliyokatwa shingo na kuchorwa vipimo), tuna shamba la utafiti nyuma ya jiko, na tulishika nafasi ya tatu kikata katika maonesho ya sayansi. Shule zilizoshiriki zilikuwa chache kwa sababu ya mvua, lakini cheti tunacho.

Mheshimiwa, kazi kubwa ya klabu ni kuwazoesha wadogo zetu wa kidato cha kwanza na cha pili kufikiri kisayansi. Tunawafundisha kwamba kusikia jambo ni hatua ya kwanza tu. Ukisikia, uliza linajulikanaje. Toa dhanio lako, uliandike kabla ya kupima, usije ukajidai baadaye kwamba ulijua tangu mwanzo. Unapopima, badilisha kitu kimoja, vingine viache vilevile. Rudia. Kisha andika ulichokiona hata kama kinakuaibisha.

Shambani tulipanda matuta mawili ya maharage: mbegu moja, siku moja, maji sawa, ila tuta moja tulilitia samadi na la pili hatukulitia. Mbuzi wa jirani akala tuta lisilo na samadi. Kuna mwanachama alishauri tuandike tu kwamba samadi imeshinda, kwa kuwa kila mtu anajua. Tulikataa. Daftari letu linasomeka hadi leo: "Hakuna matokeo. Mbuzi."

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, somo hili lina mwenyewe hapa kwetu. Mwaka 1963, katika sekondari ya Magamba, hapa hapa Lushoto, kijana wa kidato cha tatu aitwaye Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Kawaida walichemsha maziwa na sukari, wakasubiri yapoe, ndipo wayaingize kwenye friji. Siku hiyo nafasi ilikuwa ikigombewa, naye akayaingiza yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake, ambayo hayakuwa yamechemshwa kabisa. Alipomuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipofika sekondari ya Mkwawa, Iringa, akauliza tena, akachekwa: hiyo ni fizikia ya Mpemba.

Siku moja akakuta maabara ya baiolojia iko wazi na mwalimu hayupo. Akachukua bikari (glasi za maabara) mbili ndogo, moja akaitia maji ya bomba na nyingine maji ya moto, akaziweka kwenye friji ya humo humo maabara. Baada ya saa moja, bikari ya maji ya moto ndiyo iliyokuwa na barafu zaidi. Hapo akawa na cha kumwambia Dokta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipokuja Mkwawa kutoa mhadhara. Wanafunzi walicheka tena. Osborne hakucheka, aliporudi Dar es Salaam alimwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaleta jibu kwamba ya moto yametangulia kuganda, akaongeza kuwa wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi! Mwaka 1969, Mpemba na Osborne walichapisha habari hiyo pamoja katika jarida la Physics Education.

Hatuifichi sehemu ya pili. Mwaka 2016 watafiti wawili, Burridge na Linden, walipima upya na hawakuona ushahidi wa kuridhisha. Walionesha kwamba kipimajoto kikisogezwa hata sentimita moja tu juu au chini ndani ya chombo, matokeo yanaweza kukupotosha. Wazee wa Lushoto wasikasirike. Mabishano yale yanaendelea kwa vipimajoto, na hata anayempinga Mpemba inambidi kwanza ayapime maji.

Sasa Mheshimiwa, tunaomba uangalie tena jambo moja katika kisa hiki. Mpemba alikuta mlango wa maabara uko wazi. Sisi mlango wenyewe hatuna.

Baada ya Rais Jakaya Kikwete kuagiza mwaka 2012 kwamba kila sekondari ya kata iwe na maabara, wazazi wetu walichangishwa. Wengine walitoa fedha, wengine kuku, wengine walibeba mawe kichwani. Boma la maabara likapanda hadi kwenye lenta, na hapo lenta ndipo lilipo. Ndani yake kumeota mpera ambao tayari unazaa.

Kwa hiyo tindikali na besi tunazifanyia ubaoni. Mwalimu anachora bureti, ule mrija wenye vipimo wa kudondoshea tindikali, anatuambia rangi itabadilika, nasi tunaandika kwamba tumeiona ikibadilika. Usomaji wa kipimo tunaukariri kutoka kwenye daftari la kaka zetu waliotutangulia. Mtihani wa vitendo ukikaribia, tunaazima maabara ya shule jirani kwa siku chache, na mwanafunzi anaishika pipeti, kijirija cha kunyonyea na kupimia kimiminika, kwa mara ya kwanza huku mikono ikimtetemeka. Mwalimu aliyetufundisha tusiandike tusichokiona ndiye huyo huyo anayelazimika kutufanya tuandike. Hatumlaumu.

Mheshimiwa, klabu iliamua kulitazama suala la boma kisayansi. Dhanio letu lilikuwa: ahadi ya bati iliyotolewa kwenye kipaza sauti, mbele ya wazazi, hutimia kabla ya masika. Mgeni rasmi wa kwanza alisema bati zimekwisha patikana, bado usafiri. Wa pili alikuja na futi kamba, akapima, akapigwa picha akipima. Wa tatu alisema, "Hilo niachieni mimi," na tukamwachia. Mazingira yalikuwa sawa mara zote: jukwaa hili, skafu hizi, pilau ya mama zetu hawa. Matokeo yalikuwa sawa pia.

Hata hivyo hitimisho hatujaliandika. Majaribio matatu ni machache, na si haki kumhukumu mtu kwa vipimo vya wenzake. Jedwali lina safu ya nne, ambayo iko wazi na imebeba jina lako.

Ombi letu ni paa. Fundi wetu amekadiria bati 140 za geji 28, mbao za kenchi, misumari, na milango miwili. Ufundi na mchanga wazazi watatoa. Likipatikana paa, tutaweza kuidai Halmashauri meza, sinki na fundi sanifu wa maabara, maana kila tukiomba tunajibiwa kwamba vifaa haviwezi kuletwa kwenye jengo lisiloezekwa. Uzio, kompyuta na basi la shule vimo kwenye kiambatisho kwa sababu kila kamati ilitaka chake kiingie. Tunakuomba usihangaike navyo leo.

Na kama bati haziwezekani, Mheshimiwa, kwa heshima zote tunaomba utuambie hapa hapa kwamba haziwezekani. Tutaandika hivyo, na wazazi wataanza kuchangishana upya Januari badala ya kusubiri tena mwaka mzima.

Boma liko hatua chache nyuma ya jukwaa. Tunaomba upite kuliona kabla ya chakula. Katibu wa klabu atakuwepo na daftari kwa ajili ya tarehe na sahihi. Tumekuandalia pia gunia la viazi na kabichi za hapa Lushoto. Hiyo ni zawadi, haihusiani na bati.

Naomba kuwasilisha.

Imeandaliwa na Kamati ya Klabu ya Sayansi na kusomwa na Katibu Msaidizi.