Kaka, iangalie ile faili leo leo

Kamwene kaka, za Iringa, shemeji na watoto wazima? Huku Uyole baridi inauma ila tupo. Najua nimekaa kimya toka ule msiba, nisamehe, nitakupigia tuongee vizuri, ila hili haliwezi kusubiri.

Ile klasi ya Mkulima niliyokutumia, ile ya Python inayotunza mizigo ya kila mkulima, ina kosa, na naogopa umeshaiweka kwenye viazi vyako vya Njombe. Juzi mama mmoja wa Isyonje kaleta kreti 4 za parachichi, programu ikamwandikia 11! Nikamsumbua dada wa mizani bure, nimeshamwomba radhi. Zile 7 zilikuwa za mzee aliyemtangulia.

Kosa lipo pale kwenye __init__, ile sehemu inayomwandaa kila mkulima mpya, nimeandika mizigo=[] nikiamini kila mkulima mpya anapata listi yake tupu. Sivyo kaka. Python inaitengeneza hiyo listi mara moja tu, pale inapopita kwenye def, ule mstari unaoitambulisha __init__, halafu kila anayekuja bila listi yake anapewa ileile, yaani wote wanamwaga kwenye tenga moja na ukimuuliza yeyote anakutajia za wote. Nikajaribu a.mizigo is b.mizigo, yaani kuuliza kama wakulima wawili wana listi ileile moja, ikajibu True, nikaishiwa nguvu. Na asubuhi ukiiwasha upya mtu wa kwanza anatoka sawasawa, ndo maana nilipoijaribu na mkulima mmoja sikuona kitu. Jumla=0 haikuleta shida kwa sababu namba haibadiliki yenyewe, ukiongeza anawekewa namba mpya yeye peke yake, ila append, ile ya kuongeza mzigo, inaibadilisha listi yenyewe.

Weka mizigo=None, yaani hajapewa kitu, halafu ndani, ikiwa ni None, mpe self.mizigo = [] mpya. Usiipandishe juu nje ya __init__, itakuwa ya wote vilevile. Ukitumia dataclass, ile njia fupi ya Python ya kuandika klasi, yenyewe inaikataa listi kabisa, inarusha kosa la ValueError, inataka field(default_factory=list), yaani kila mmoja atengenezewe listi yake mpya, na mimi naona hapo wamefanya la maana sana maana hii ni hela ya watu.

Nimerudia daftari la mizani usiku 3 mfululizo, bado wiki 2 za nyuma.

Sasa niambie, umeshaanza kuitumia? Kuna mtu ameshalipwa kwa hizo hesabu? Risiti za karatasi unazo? Na yule wa Makambako, ulimpa nakala au bado?

Ndugu yako wa Uyole