Barua kwa Mwanangu: Watano Walio Mbele ya Kwotabeki

Mwanangu mpendwa,

Assalamu alaikum. Sisi hapa Columbus hatujambo. Baba yako amepona kikohozi na dada yako yumo katika mitihani. Nimekaa na maneno yako ya Jumapili kwa siku tatu bila kukupigia, kwa sababu sikutaka kukujibu juujuu. Uliniambia kwamba kwotabeki wenu, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, amehamia chuo kikubwa, kwamba nafasi yake amepewa kijana wa mwaka wa pili ambaye msimu uliopita alikaa benchi karibu muda wote, na kwamba kwa maoni yako msimu umekwisha kabla haujaanza. Kisha ukaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba huenda hata wewe ukaacha mpira. Hilo la mwisho ndilo lililoninyima usingizi, lakini siwezi kuligusa kabla ya lile la kwanza, yaani kama ni kweli timu ya chuo haiwezi kushinda bila kuwa na kwotabeki wa kupigiwa mfano.

Mimi nimekulia Tanga, na mpira huu wa Wamarekani, wa kubebwa na kurushwa kwa mikono, nimeujua kwa kukutazama wewe. Kwa kuwa ulipangwa senta tangu sekondari, yaani wa katikati katika safu ya watu watano wanaomkinga kwotabeki, macho yangu hayakuzoea kuufuata mpira hewani kama wafanyavyo wengine jukwaani. Yalibaki kwako, ukiwa umeinama, vidole vyenye plasta vimeushika mpira juu ya nyasi, na pindi ulipourudisha nyuma kati ya miguu yako nilianza kuhesabu kimoyomoyo: moja, mbili, tatu. Nikifika tatu na kijana aliye nyuma yako bado amesimama, najua ana nafasi ya kutazama na kuchagua. Nikiishia mbili, najua anakwenda chini, awe hodari kiasi gani. Haya ninayokuandikia yote yametokana na hesabu hiyo.

Bila shaka unaukumbuka usiku wa tarehe 12 Januari 2015. Ulikuwa na miaka tisa, na nilikuruhusu kukesha ingawa kesho yake ilikuwa siku ya shule, kwa kuwa Ohio State, chuo cha hapa kwetu, ilikuwa inacheza fainali ya ubingwa wa vyuo na Oregon kule Arlington, Texas. Oregon walikuwa na kwotabeki Marcus Mariota, aliyekuwa amenyakua tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, mwezi mmoja tu kabla. Sisi tulikuwa na Cardale Jones, kijana ambaye mwezi Agosti alikuwa wa tatu katika foleni ya makwotabeki wetu. Wa kwanza, Braxton Miller, aliumia bega kabla msimu haujaanza. Wa pili, J.T. Barrett, alivunjika kifundo cha mguu katika mechi na Michigan mwishoni mwa Novemba. Jones akaanza mechi yake ya kwanza ya chuo katika fainali ya Big Ten, ligi ya vyuo tunayochezea, wakaifunga Wisconsin 59 kwa 0, kisha Alabama 42 kwa 35, na usiku ule Oregon 42 kwa 20. Mji mzima uliimba jina lake. Ila wewe uliyekuwa umekaa mkekani karibu na televisheni uliniuliza mbona mkimbiaji wetu Ezekiel Elliott anapita katikati kana kwamba amefunguliwa mlango, na nilikosa jibu. Elliott alikimbia yadi 246 usiku ule na kufunga mara nne. Leo wewe ndiye mfungua mlango, na jibu unalo.

Sasa turudi nyuma hadi Septemba ya msimu uleule, kwa sababu hapo ndipo penye hoja yangu. Ohio State walipoteza mechi moja tu mwaka ule, tena nyumbani, dhidi ya Virginia Tech, 35 kwa 21. Kwotabeki alikuwa Barrett, yuleyule ambaye baadaye alishika nafasi ya tano katika kura za Heisman, naye aliangushwa mara saba. Hakuwa mbovu. Mbele yake safu ya watu watano ilikuwa na wachezaji wanne wapya katika nafasi zao, wakiwa bado hawajazoeana bega kwa bega. Kufikia Desemba watano hao walikuwa wamekwisha kuwa kitu kimoja, na ndipo mchezaji wa tatu katika foleni akatwaa ubingwa kwa mechi tatu. Mwaka uliofuata Jones alipewa timu tangu mwanzo, na kufikia Oktoba nafasi yake ikarudi kwa Barrett. Kama ubingwa ule ungekuwa umetoka katika mkono wake peke yake, asingepokonywa nafasi mapema hivyo.

Najua utakalonijibu: Joe Burrow, kwotabeki wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana (LSU). Nalo ni jibu zito, kwa maana sijapata kuona msimu mzuri kama ule wa LSU wa 2019, pasi 60 za tachidauni, yaani za kufunga, mechi 15 bila kupoteza hata moja. Chanda chema huvikwa pete, nami simnyimi Burrow pete yake. Lakini mtu huyo ni yuleyule aliyechezea LSU mwaka 2018 na kumaliza na pasi 16 tu za tachidauni, timu ikapoteza mechi tatu. Hakubadilika mkono katika miezi minane. Alikuja kocha Joe Brady na mpango mpya wa kurusha, Ja'Marr Chase na Justin Jefferson wakakomaa katika kupokea, na safu yake ya mbele ikatunukiwa tuzo ya Joe Moore, ile wanayopewa watano kwa pamoja kwa kuwa bora nchini. Kipaji kilikuwapo siku zote. Kilichokosekana ni muda wa kukitumia, na muda huo hununuliwa na watu kama wewe.

Ukitaka kuona upande wa pili, mtazame kwotabeki Lamar Jackson wa Louisville mwaka 2016. Hakuna aliyekuwa na kipaji kama chake mwaka ule, na Heisman aliipata kwa haki. Hata hivyo Louisville ilimaliza na ushindi wa mechi 9 na kupoteza 4, ikianguka katika zote tatu za mwisho, na kule Houston Jackson aliangushwa mara kumi na moja katika mechi moja. Mara kumi na moja, mwanangu. Ningekuwa jukwaani siku ile nisingefika mbili.

Michigan, mahasimu wetu, nitawapitia haraka, maana kwa mkazi wa Columbus kuwasifu ni kazi ngumu. Mwezi Novemba 2023 waliifunga Penn State ugenini 24 kwa 15, na katika kipindi chote cha pili hakuna pasi yao hata moja iliyohesabiwa kwenye takwimu. Walikimbia na mpira tu, tena na tena, hadi saa ilipokwisha. Miezi miwili baadaye wakawa mabingwa.

Wala sitaki ufikiri kwamba kwotabeki naona ni mtu wa kawaida. Yeye ndiye anayeamua katika sekunde chache ambazo ninyi mmemchumia, na akiamua vibaya, kazi yenu yote inakwenda arijojo. Nilishuhudia Alabama katika fainali ya Januari 2018 wakiwa nyuma ya Georgia kwa 13 kwa 0 wakati wa mapumziko; kocha wao Nick Saban akamtoa kwotabeki Jalen Hurts, ambaye karibu hakuwa anajua kupoteza mechi, akamwingiza Tua Tagovailoa, kijana wa mwaka wa kwanza, nao wakashinda 26 kwa 23 katika muda wa nyongeza. Siku ile mabadiliko ya mtu mmoja yaliamua ubingwa, na kukana hilo ni kukana nilichokiona kwa macho yangu. Lakini angalia ni timu ya namna gani iliyoweza kumtoa mshindi na kumwingiza mgeni katikati ya fainali bila kuyumba.

Kwa hiyo naamini hivi: timu haihitaji kwotabeki nyota, bali inahitaji anayeweza kukosea kisha akarudi katika mchezo unaofuata bila kutetemeka. Kwotabeki Stetson Bennett wa Georgia alijiunga na timu bila ufadhili wa masomo, akaondoka kwenda chuo kidogo Mississippi, akarudi. Katika fainali ya Januari 2022 na Alabama, ambao kwotabeki wao Bryce Young ndiye aliyekuwa na Heisman, mpira ulimponyoka katika robo ya nne na Alabama wakaongoza. Alirudi uwanjani akarusha pasi mbili za tachidauni, mwenzake Kelee Ringo akainasa pasi ya Young na kukimbia yadi 79, wakashinda 33 kwa 18. Nyuma ya utulivu wa Bennett kulikuwa na kikosi cha kuwazuia wapinzani ambacho wachezaji wake watano walichaguliwa na NFL, ligi ya kulipwa, katika duru ya kwanza mwaka uleule. Mtu akijua kwamba kosa lake lina wa kulibeba, hatetemeki.

Hili lina uzito zaidi siku hizi. Tangu mfumo wa uhamisho ulipoanza 2018, na tangu Julai 2021 wachezaji waliporuhusiwa kulipwa kwa matumizi ya kibiashara ya majina yao, kwotabeki mzuri wa chuo kidogo ni mpangaji, na kodi yake huisha msimu unapokwisha. Mwenzako aliyeondoka simlaumu. Mama yake naye ana madeni kama yangu. Kocha aliyejenga kila kitu juu yake ndiye ninayemlaumu, na jina lake sitaliandika.

Sasa kuhusu wewe kuacha. Ukiamua kuacha kwa sababu ya masomo au goti lako, sitakuzuia, na baba yako hali kadhalika. Usiache kwa sababu ya mtu anayesimama nyuma yako. Katika kila mchezo unaoanza, mpira huo unashikwa na wewe kabla ya kushikwa na yeye. Huyo kijana mpya hajawahi kusimama dakika sitini, na anachokihitaji hakijui bado: kubaki baada ya mazoezi na kupokea mpira wako mara mia, hadi mikono yake iache kuushangaa. Mfanyie hivyo wiki hii. Mwulize kama anakula nyama ya mbuzi, na mwisho wa mwezi umlete nyumbani nimpikie pilau, nimwone uso wake bila kofia ya chuma.

Tiketi za mechi ya kwanza nimekwisha kununua, mbili, upande uleule wa nyuma ya benchi lenu. Baba yako ataufuata mpira kama kawaida yake. Mimi nitaanza kuhesabu pindi utakapotoka mikononi mwako.

Akupendaye,
Mama